Siku moja Saanane, kwa mtoto wa bahari

Nimekwenda kisiwa cha Saanane, ndani ya Ziwa Victoria, mara tatu tangu nihamie Mwanza, na mara zote tatu usiku wake nimelala usingizi mzito hadi adhana ya alfajiri. Kwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa udaktari hilo si jambo dogo. Safari ninayoisimulia hapa ni ya tatu, Jumamosi moja baada ya wiki ya majaribio. Tulikuwa watano, wasichana watupu: mimi wa Mombasa, Mpemba mmoja, Mhaya wa Bukoba, na Wasukuma wawili, mmoja wa Magu na mwingine wa Kahama. Naandika kwa sababu kila mwaka wanakuja wageni wapya chuoni, na wakishapata chumba na sufuria, swali linalofuata ni hilo hilo: wikendi mtu anapumzikia wapi hapa?

Jibu langu: nenda Saanane, nenda asubuhi, beba chakula chako, na kuogelea uache. Mengine yote hapa chini ni maelezo ya hayo manne.

Kwanza nijitambulishe, maana bila hivyo hukumu yangu haitaeleweka. Mimi ni wa Likoni, ng'ambo ya kivuko. Kwetu maji ndiyo saa ya ukutani. Mtu anauliza kama leo ni bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, au maji mafu, yanaposogea kidogo tu, na hapo anajua mvuvi atarudi lini na watoto wacheze mchangani mpaka wapi. Nilipofika Mwanza, baada ya siku mbili za mabasi kupitia Nairobi, Sirari na Musoma, jambo la kwanza nililofanya ni kushuka hadi karibu na kivuko cha Kamanga kulitazama Jiwe la Bismarck, ule mwamba maarufu wa ziwani. Nilikaa pale saa nzima nikisubiri maji yapwe. Hayakupwa. Ziwa lina mawimbi, lina upepo, lina hasira zake, lakini kupwa na kujaa kwa macho ya mtu wa pwani halina. Jioni Mama akanipigia simu: "Mwanangu, na huko maji yanajaa saa ngapi?" Sikuwa na la kumjibu. Nilimuuliza habari za bibi.

Wenzangu wengi wa pwani hufika hapa wakalipima ziwa kwa pishi ya bahari, wakaona limepungua. Hewa haina chumvi. Mwani hamna. Ukikaa ufukweni Kirumba, pua inajaa dagaa waliokaushwa, si ile harufu ya nyumbani. Mimi nililisema ziwa vibaya muhula mzima, na leo nayaondoa maneno yale.

Kutoka mlimani Bugando, kilipo chuo chetu, tulishuka kwa miguu hadi mjini, tukachukua bajaji mbili mpaka Capri Point, shilingi 3,000 kila moja. Hapo ndipo ilipo ofisi ya hifadhi na gati lake. Weka salio kwenye simu kabla hujatoka nyumbani, maana fedha taslimu hazipokelewi: unapewa namba ya malipo, unalipa, risiti inatoka. Raia wa Afrika Mashariki tunalipa kwa shilingi, kiwango cha chini sana kuliko cha wageni wanaolipa kwa dola, ila lazima uonyeshe kitambulisho. Mimi nilibeba pasipoti, na wenzangu vitambulisho vyao. Dada wa mapokezi alitupokea kwa "Mwangaluka", salamu ya asubuhi ya Kisukuma, nami nikasita, mpaka yule wa Kahama akanigusa kiwiko nimwitikie. Hakuna aliyetuharakisha. Ukarimu wa Mwanza una mwendo wake wa taratibu, na mimi niliyekulia kwenye kusukumana kwa feri ya Likoni niliupenda siku hiyo hiyo.

Sasa nisimame kwenye suala la chombo, maana hapo ndipo wanafunzi wengi tunapokosea.

Kabla hatujafika ofisini, kijana mmoja alitufuata na ofa yake. Alikuwa na mtumbwi wa injini pembeni, kwenye matete. "Dada zangu, elfu nne kila kichwa, nawazungusha kisiwa kizima." Ndani ya mtumbwi niliona jaketi la kuokolea moja tu, limechanika, limewekwa kwenye ubao kama mto wa kukalia. Bei ilituvutia, siwafichi. Mpemba wetu alikuwa tayari ameshavua viatu. Amekulia kwenye ngalawa, na maji tulivu yale ya asubuhi aliyaona kama ua wa nyumba yao.

Mhaya akasema, "Nyie nendeni. Mimi sipandi."

Hakupaza sauti. Tukamkumbuka mjomba wake. Meli ya MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996, ikikaribia Mwanza, ikitokea Bukoba, na mjomba wake alikuwamo. Yeye alikuwa hajazaliwa. Lakini amekulia katika nyumba ambayo mama hapandi meli hata leo, safari zote za Mwanza ni kwa basi, na kila wakija huku wanapitia makaburi ya Igoma. Kisha tarehe 20 Septemba 2018, akiwa shuleni, akasikia redioni kwamba MV Nyerere imepinduka Ukara, hatua chache kutoka gatini. Mtu mwenye historia hiyo akikwambia hapandi chombo, humbembelezi. Mpemba alivaa viatu vyake. Tukamwambia kijana asante, tukaendelea na safari.

Boti ya hifadhi ilikuwa na jaketi kwa kila abiria. Nahodha, mzee wa makamo mwenye kofia ya sufu, alitukagua mikanda mmoja mmoja kabla ya kuwasha injini. Lile la yule wa Magu lilikuwa limelegea, akalikaza mwenyewe huku akisema, "Samahani mwanangu, hili ni lazima." Nilimtazama Mhaya. Alikuwa ameshika ukingo wa boti kwa mikono miwili, lakini alipanda. Kwa jambo hilo pekee ningeipa huduma ile alama zote nilizonazo.

Kuvuka ni kama dakika kumi. Kisiwa kipo kilomita 2 tu kutoka katikati ya jiji, na hilo ndilo la ajabu lake: unasikia honi za daladala zikififia nyuma yako, halafu zinakoma, na mbele unaanza kusikia ndege. Furukombe mmoja alikuwa juu ya mti mkavu kando ya gati, akilia ule mlio wake wa kurudisha kichwa nyuma. Minandi ilikuwa imejipanga kwenye mwamba, mabawa wazi, ikijikausha.

Saanane ndiyo hifadhi ya taifa ndogo kuliko zote Tanzania, kilomita za mraba 2.18 pamoja na sehemu ya maji inayoizunguka. Mwongozaji alitueleza kwamba jina ni la Mzee Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima aliyekuwa akiishi hapo. Mwaka 1964 pakafanywa bustani ya wanyama, ya kwanza nchini, na mwaka 2013 pakatangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Nilipenda kwamba wakubwa wote waliopita hawakukibandika kisiwa jina la kiongozi. Limebaki la mvuvi.

Usiende ukitarajia Serengeti. Ukitaka simba na nyumbu wanaovuka mto, weka akiba na uelekee mashariki. Hapa utaona swala pala wakila majani hatua chache kutoka njiani, tumbili, mamba kama una bahati na umbali wa kutosha, na pimbi wengi wakiota jua. Yule wa Kahama hakuamini mwongozaji aliposema ndugu wa karibu wa pimbi ni tembo, mpaka sisi wa somo la anatomia tukamthibitishia. (Yeye anasoma ualimu, chuo kingine.) Aliyenishinda mimi ni mjusi wa mawe. Dume lake lina kichwa na mabega ya rangi ya waridi iliyokoza, na kuanzia hapo kushuka ni buluu tupu, kama mtu amemchovya kwenye ndoo mbili za rangi. Wataalamu wamempa jina la kisayansi linalotokana na Mwanza yenyewe. Alikuwa juu ya jiwe akipiga pushapu kwa kutishia wenzake, nasi tulisimama kumtazama hadi mwongozaji akatuachia nafasi, akaenda kukaa kivulini.

Lakini raha ya Saanane ni mawe. Miamba hii ni granaiti, yenye umri unaozidi miaka bilioni 2.5, na mvua na jua vimeikata kona zote mpaka ikawa mviringo, jiwe juu ya jiwe, mengine yamekaa kama yai kwenye kiganja. Kwetu Mombasa jiwe la ufukweni ni la matumbawe. Fort Jesus yenyewe imekaa juu yake. Ni jiwe zuri kwa ukuta, lakini ulikanyage peku uone. La Saanane unalilalia. Tulipata mwamba mpana upande unaotazama ghuba, umepata jua la asubuhi kiasi cha kuwa na joto la mwili wa mtu, tukatandika leso zangu mbili, tukajinyosha wote watano kama pimbi. Kwa muda wa saa mbili hakuna aliyetaja jina la dawa wala ugonjwa.

Chakula tulibeba kwenye kikapu. Kisiwani hakuna hoteli ya kutegemea, na mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchi nzima tangu Juni 2019, basi usije nayo. Mimi nilikuwa nimeamka saa kumi kupika mahamri na mbaazi za nazi. Nazi moja sokoni hapa niliipata kwa shilingi 2,000, nikainunua bila kubishana, maana imesafiri mbali kama mimi. Wasukuma wetu walileta matobolwa na karanga. Sikuwa nimewahi kula matobolwa: ni viazi vitamu vilivyochemshwa kisha vikakaushwa, vigumu kidogo mdomoni, na utamu wake unakuja taratibu unavyotafuna. Nikachovya kimoja kwenye mbaazi za nazi. Yule wa Magu alinitazama kama nimevunja mwiko wa ukoo, halafu akachovya na chake, halafu kikapu kikaisha. Angalizo moja: funika chakula muda wote. Tumbili alichukua mahamri mawili mbele ya macho yetu, na mwongozaji alitusihi tusimrushie la tatu, kwani akishazoea chakula cha watu anakuwa mkali kwa wageni wanaofuata.

Ilipofika saa tano jua likakaza, na maji yalikuwa pale chini, rangi ya chupa ya kijani, yakipiga mwamba polepole. Mtu wa Likoni na mtu wa Pemba kukaa kando ya maji bila kuingia ni mtihani. Mpemba aliniambia tayari ameyajaribu maji ya ziwa mwaka wa kwanza, na kwamba yalimchosha: hayakubebi kama ya chumvi, mwili unazama zaidi, unafanya kazi maradufu. Hilo ni kweli, chumvi ndiyo inayotubeba kwetu.

Hatukuingia, nawe usiingie. Mbali na mamba, hili ni ziwa lenye kichocho. Vijidudu vyake hukulia ndani ya konokono wadogo wanaoishi kwenye magugu na maji yaliyotulia ya ufukweni, vikitoka humo hutoboa ngozi yako bila wewe kuhisi kitu, na hutoka kwa wingi zaidi jua likiwa kali, yaani saa zile zile ambazo mtu anatamani kuoga. Kichocho cha huku zaidi ni kile cha matumbo, kinachoharibu ini kwa miaka mingi kimyakimya. Wodini nimeona watu wa umri wangu wenye tumbo lililojaa maji kwa sababu hiyo, wengi watoto wa wavuvi ambao hawakuwa na hiari ya kutoingia ziwani. Kama umeshaogelea huko nyuma, usikae na hofu: nenda hospitali ukapime, dawa ya praziquantel ipo na inatibu. Ila usiingie kwa ajili ya picha.

Tuliondoka kisiwani saa nane kamili, kwa ushauri wa nahodha. Mchana nchi kavu inapata joto haraka kuliko maji, upepo unavuta kutoka ziwani kuja bara, na ghuba iliyokuwa kama sahani asubuhi inaanza kuchafuka. Wakati wa kurudi mawimbi yalikuwa yanarusha matone mpaka kwenye miwani yangu. Si ya kuogopesha, lakini yalitosha kumfanya Mhaya afumbe macho, na Mpemba akamshika mkono njia nzima bila kusema neno. Ukichelewa hadi saa kumi utayapata makubwa zaidi. Panga siku yako kwa upepo, kama sisi wa pwani tunavyoipanga kwa bamvua.

Njaa ikatupeleka mgahawa mmoja wa ufukweni, upande wa Ilemela, ambao jina lake sitalitaja. Hapo sifa zangu zina nusu. Unachagua samaki wako mwenyewe kwenye boksi la barafu, nami nilichagua sato kwa namna aliyonifundisha baba: jicho liwe wazi na limetuna, matamvua yawe mekundu, ukibonyeza nyama irudi. Nikampata mkubwa, wa shilingi 18,000, tukakubaliana akaangwe mkavu. Tukasubiri saa mbili na dakika kumi. Alipokuja hakuwa yule. Alikuwa mdogo kwa robo nzima, na sikuhitaji mizani kuliona hilo, kwani wangu alikuwa na jeraha la wavu karibu na mkia.

Nikamwita mhudumu, kijana mpole tu, akaanza kujikanyaga kwa maneno. Yule wa Kahama akasimama, akaenda mwenyewe jikoni, akaamkia "Shikamoo mayu", wakazungumza Kisukuma kwa muda. Mama mpishi akatoka na mikono bado ina unga. Akaeleza kwamba samaki wetu alipelekwa meza ya watu waliokuja na gari, baada yetu. Akaomba radhi mbele ya wote, akatukaangia wa pili bila malipo. Yule mama namheshimu. Aliyeamua wanafunzi wapewe mdogo kwa sababu hawatajua, huyo ndiye anayenifanya nisirudi.

Na sato mwenyewe, jamani! Ngozi imekauka ikawa kama biskuti, ndani nyama nyeupe, tamu, haina yale mafuta mengi ya sangara. Ugali ulikuwa wa udaga, ule wa muhogo, mweusi kidogo na wenye kunata, na kachumbari ya pilipili iliyomtoa Mpemba jasho. Sisi wa pwani tunadhani samaki bila ukwaju na nazi hajapikwa. Huyu alikuwa na chumvi na ndimu tu, na sikumwona amepungukiwa. Kama una muda na moyo wa kusubiri, kula samaki Mwanza. Ila mpige picha kabla hajaingia jikoni.

Jumla yangu ya siku, kuanzia bajaji ya asubuhi hadi daladala ya usiku, pamoja na kiingilio, boti na mchango wangu wa samaki, haikufika hata nusu ya ile niliyowahi kutumia kwa siku moja ya hoteli ya ufukweni Diani, nilipoalikwa harusi. Na Diani sikupumzika.

Tulikaa pale mgahawani mpaka giza likaingia, kwa sababu mwezi ulikuwa haujaandama na yule wa Magu alitaka nione kitu. Ilipokaribia saa mbili taa zikaanza kuwaka ziwani. Moja, tatu, kisha hazihesabiki, mstari mzima juu ya maji. Ni wavuvi wa dagaa. Wanakwenda usiku wa giza, wanawasha taa, zamani karabai na sasa nyingi za betri, dagaa wanaufuata mwanga, wanazungushiwa wavu. Mbalamwezi ikiwa kali mwanga wa taa haufui dafu, wengi wanapumzika, na hapo bei ya dagaa sokoni Kirumba inapanda. Baba yake yule wa Magu ni mvuvi. Nyumbani kwao, alisema, ada ya shule ililipwa kwenye giza, na mbalamwezi ilikuwa ya kukopa.

Nilitoka nje nikampigia Mama, saa hiyo hiyo, kabla sijasahau. Nikamwambia, "Mama, huku maji hayajai wala hayapwi. Huku wanahesabu giza." Akanyamaza kidogo, nikasikia redio yake nyuma. Kisha akasema, "Haya, basi leo mwezi uko wapi?"